Miezi Mitano Bila Mwezi

Ndugu msomaji, nina jambo la kukuungamia. Kuna wakati mwili wangu uliacha kufanya kazi yake nami nikafurahi. Nilifurahi hasa, nikamshukuru Mungu, nikajiona nimebarikiwa kuliko wasichana wote wa bweni letu. Ngoja nikusimulie ilivyokuwa, halafu utanihukumu.

Mwaka 2017 nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni mkoani Singida. Jina la shule tuliache. Agosti 6 mwaka ule Alphonce Simbu, mtoto wa Singida hii hii, alichukua medali ya shaba ya marathoni kwenye mashindano ya dunia kule London, kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 51. Basi bwana, mchakamchaka ulibadilika ghafla. Wale waliozoea kujificha chooni alfajiri ndio wakawa wa kwanza kwenye mstari. Kila mtu Simbu!

Mimi nilikuwa nakimbia tangu shule ya msingi, mita 3,000 ndizo zangu. Mwalimu wa michezo akanichagua na wasichana wengine watatu tujiandae kwa UMISSETA ya mwaka unaofuata. Tukawa tunatoka saa kumi na moja alfajiri, tunapita kandokando ya Ziwa Kindai, tunapanda kwenye yale mawe makubwa, upepo unakupiga usoni mpaka machozi yanatoka. Hapo uko karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, pumzi yenyewe ya kuokoteza.

Lakini adui yangu hakuwa upepo. Adui alikuwa mwezi. Pedi zilikuwa za kuomba kwa matroni, na zikiisha unakunja kipande cha khanga. Asikudanganye mtu: kitambaa kilicholowa, kilomita nane, mapaja yanachubuka hadi unatembea kama bata. Septemba, katikati ya mazoezi, kitambaa kilinichomoka na wavulana wa timu wako nyuma yangu. Nilikikanyaga hapo hapo, nikainama nikijifanya nafunga kamba ya raba mpaka wote wakapita. Kamba ile niliifunga kama nusu saa nzima. Usiku nikaomba dua moja tu: hii kitu iondoke.

Iliondoka. Sikujua kwamba nilikuwa naiondoa mwenyewe.

Mwalimu wetu hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kusema kwamba mkimbiaji lazima awe mwepesi. Mimi nikalichukua neno lile kama amri. Ugali nikawa nakula nusu, nusu nyingine nampa jirani yangu wa mezani ambaye alinipenda sana wakati ule. Uji wa asubuhi haukunikuta, maana tukirudi mazoezini kengele ya darasa imeshalia. Kufikia mwisho wa mwaka sketi ilikuwa inazunguka kiunoni. Na muda wangu ulishuka kweli, siwezi kukuongopea. Hilo ndilo lililonidanganya.

Desemba mwezi haukuja. Januari haukuja. Nikamnong'oneza dada mmoja aliyewahi kukimbilia timu ya mkoa.

"We mshamba nini?" akanicheka. "Hiyo ndiyo dalili umeiva. Hata mimi ilikata."

Nikatamba. Wenzangu wanajikunja na tumbo, mimi nimekaa kitandani nalainisha raba zangu.

Sasa kasheshe. Matroni alikuwa na daftari; kila anayechukua pedi, jina linaandikwa. Machi 2018 akalipekua, akakuta jina langu limeonekana mara ya mwisho Novemba. Msomaji, unajua maana yake. Ilikuwa kabla ya Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa ujauzito wanaweza kurudi. Miaka yetu ile mimba ilikuwa tiketi ya kwenda nyumbani bila kurudi. Nikaitwa chumbani kwake, nikalazwa, nikabonyezwa tumbo mbele ya watu wawili.

"Ni nani?"

"Nani nini, matroni?"

"Usinifanye mtoto. Nani aliyekupa?"

Nililia mpaka sauti ikakauka. Nikapelekwa zahanati kupimwa mkojo. Tukakaa kwenye benchi, yeye ananitazama, mimi natazama saruji. Muuguzi akatoka: "Hana kitu."

Basi. Nikarudishwa darasani, somo la jiografia linaendelea.

Neno lile nimelifikiria miaka mingi. Hana kitu! Msichana wa miaka kumi na saba, miezi minne hajaona siku zake, halafu hana kitu. Walikuwa wanamtafuta mtoto; walipomkosa, upelelezi ukafungwa. Matroni alifunga daftari lake. Mwalimu alifurahi kwamba mkimbiaji wake yupo. Nyumbani hawakuambiwa. Hakuna aliyeuliza swali lililobaki palepale mezani: kama si mimba, huo mwezi umekwenda wapi? Na mimi mwenyewe sikuuliza, maana nilidhani jibu ninalo.

Jibu lilikuja Aprili. Muundi wa mguu wa kushoto ulikuwa umeniuma wiki mbili, nikawa napaka dawa ya kuchua na kunyamaza. Siku ya mchujo, mzunguko wa sita, nilisikia kama mtu amenipiga jiwe. Nikaanguka. Huo ukawa mwisho wa UMISSETA yangu.

Hospitalini nilimkuta daktari mama mtu mzima. Akainua picha ya eksirei kwenye mwanga, akanionyesha ufa mwembamba kwenye mfupa, kama ufa wa kikombe. Halafu akauliza jambo ambalo sikuona linahusiana vipi na mguu.

"Mwanangu, mara ya mwisho kuona siku zako ni lini?"

"Sina mimba, daktari," nikawahi. "Nilishapimwa."

Akavua miwani. "Sijakuuliza mimba. Nimekuuliza siku zako."

Nikamwambia miezi mitano. Akaniuliza nakula nini, nakimbia kiasi gani, nalala saa ngapi. Akaandika yote. Kisha akanieleza taratibu, nami nakueleza wewe.

Mwili ni kama nyumba yenye kipato kidogo. Ukiutumia kwa mbio ndefu kila siku na chakula hakitoshi kufidia, unaanza kubana matumizi. Moyo hauwezi kuzimwa, mapafu hayawezi kuzimwa. Kinachoahirishwa kwanza ni uzazi. Ubongo unapunguza amri zake, mayai hayapevuki, homoni ya estrojeni inashuka, na hedhi inakata. Sasa estrojeni hiyo hiyo ndiyo mlinzi wa mifupa. Ikikosekana miezi na miezi, mifupa inapoteza nguvu, tena katika umri ule ambao ilitakiwa iwe inaweka akiba ya maisha. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hii ya mwanamichezo kula pungufu ya kazi anayofanya, ikieleza kwamba inagusa moyo, damu, kinga na akili, na kwamba hata wanaume inawapata. Wao tu hawana mwezi wa kuwapigia kengele.

Kumbe ile niliyoiita baraka ilikuwa kengele iliyonyamaza.

Nilikaa nyumbani na magongo. Mama hakunigombeza. Alinipikia ugali na mlenda, dagaa, maharage, mayai ya kuku wake, na kila nikisukuma sahani ananisukumia nyuma. Juni ile tulisikia redioni kwamba kodi ya ongezeko la thamani imeondolewa kwenye taulo za kike. Mama akapiga makofi. Mwaka uliofuata, 2019, ikarudishwa, ikielezwa kwamba wafanyabiashara hawakushusha bei. Mama akasema, "Sisi tukate khanga tu."

Septemba 2018 mwezi ulirudi. Usinicheke, msomaji: nilitoka chooni nikamkumbatia mama, naye akajua bila kuambiwa.

Nakimbia mpaka leo, mbio ndefu zaidi kuliko zile. Nina daftari langu mwenyewe, si la matroni. Siku ya kwanza ya damu naiandika. Nahesabu mpaka inayofuata. Siku 21 hadi 35 ni kawaida kwa mtu mzima, yangu huwa 29 au 30. Najua wiki ile kabla ya damu joto la mwili hupanda kidogo, nusu nyuzi hivi, kwa hiyo jua la Singida linanichoma mapema. Mbio ndefu naziweka alfajiri na maji nayafikiria zaidi. Siku mbili za kwanza nikiumwa napunguza, nisipoumwa sipunguzi. Paula Radcliffe wa Uingereza alivunja rekodi ya dunia ya marathoni Chicago mwaka 2002, saa 2:17:18, na alisema mwenyewe alikuwa na maumivu ya hedhi siku hiyo. Kwa hiyo damu siyo kizuizi. Nakula vyakula vya kurudisha madini ya chuma, mboga nazikamulia limau, na chai nainywa mbali na chakula maana inazuia madini hayo kuingia mwilini. Siku ya mbio: bukta nyeusi, mafuta ya mgando mapajani, pedi ya akiba kwenye soksi. Na damu ikizidi, pedi inalowa kila saa, naenda hospitali.

Septemba 15, 2025 Simbu alishinda dhahabu ya dunia Tokyo, akimzidi Mjerumani kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Jumamosi iliyofuata niliwakuta wasichana wapya watano kando ya Kindai, mmoja wao ana raba zilizotoboka kidole. Tukakimbia pamoja. Tulipokaa kwenye jiwe kupumzika, yule mwenye raba mbovu akanisogelea.

"Dada, mimi siku hizi sioni kabisa. Wenzangu wanasema ndiyo nimeiva."

Moyo ulinilipuka. Nilitaka kuanza hotuba ya homoni na mifupa. Nikajizuia, nikamuuliza kwanza swali dogo.

"Leo asubuhi umekula nini?"

Akatazama ziwa. "Sijala."

Nilikuwa na viazi vya kuchemsha kwenye mfuko. Tukamenya pale pale, watano wote, na nikamwambia Jumatatu nitampeleka kwa daktari mimi mwenyewe. Akaniuliza kama watambonyeza tumbo. Nikamwambia hapana, na nikakaa naye mpaka akamaliza kiazi cha pili.