Mama wa kibanja: miaka tisini kati ya Bukoba na Muleba

Barabara ya kutoka Bukoba mjini kwenda Muleba ina urefu wa kilomita 70 hivi, na kwa sehemu kubwa ya safari macho ya msafiri hayaachani na migomba. Kulia migomba, kushoto migomba, na katikati yake mibuni, maharage na mti mmoja mmoja wa kivuli. Nyumba nyingi hazionekani vizuri kutoka barabarani kwa sababu zimefunikwa na majani. Hicho ndicho kibanja cha Wahaya: shamba linaloizunguka nyumba, linaloilisha, na ambamo watu wa nyumba hiyo huzikwa.

Kibanja hakijiendeshi chenyewe. Mvua za ukanda huu wa ziwa ni nyingi na huosha rutuba ya udongo. Migomba inadumu mahali pale pale kizazi baada ya kizazi kwa sababu yupo mtu anayebeba samadi, anayekata nyasi kwenye rweya, yaani maeneo ya wazi nje ya vibanja, na kuzitandaza shinani. Mara nyingi mtu huyo ni mama.

Chukua akina mama waliozaliwa katikati ya miaka ya 1930, katika familia za Kikatoliki za vijiji hivi. Wachache waliobaki wamegusa miaka tisini. Maisha yao yanaweza kusomwa njia nzima, kuanzia Kanisa Kuu la Bukoba hadi milima ya Muleba.

Jina katika kitabu cha parokia

Wamisionari wa Afrika, waliojulikana zaidi kama Mapadre Weupe, walifungua misheni ya Kashozi, kaskazini mwa mji wa Bukoba, mwaka 1892. Mwaka 1921 mume na mke wa Bukongo, huko Kamachumu, walibatizwa pamoja na mtoto wao wa miaka minane. Baba aliitwa Domitian Rushubirwa na mama Asteria Mukaboshezi. Mtoto alikuwa Laurean Rugambwa, ambaye tarehe 28 Machi 1960 alifanywa Kardinali, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupata cheo hicho. Alifariki Desemba 1997, na tangu mwaka 2012 amelala ndani ya Kanisa Kuu la Bukoba, ambako mahujaji humtembelea.

Kuhusu mama yake, vitabu vingi vina mstari mmoja tu: jina lake na siku ya ubatizo. Hata huo mstari ni bahati. Kwa wanawake wa kizazi kilichofuata, kitabu cha parokia kilikuwa mahali pa kwanza majina yao kuandikwa: ubatizo, kipaimara, ndoa, kisha ubatizo wa watoto, mmoja baada ya mwingine. Baadaye yakaongezeka kwenye kadi za kliniki katika hospitali kama Rubya, na kwenye orodha za WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania ulioanzishwa mwaka 1972.

Kazi isiyo na likizo

Rugambwa alipokuwa Kardinali, akina mama hawa walikuwa na miaka kama 25, wameolewa na tayari wana watoto mgongoni. Kahawa ilikuwa ya baba. Yeye ndiye aliyeipeleka kwenye ushirika na fedha zilipita mikononi mwake, ingawa mama naye alichuma na kuanika. Vya mama vilikuwa maharage chini ya migomba, na njugu mawe na viazi kwenye vipande vya rweya. Msimu wa senene mama alikusanya, akachambua na kukaanga. Wazee husimulia kuwa zamani mke hakutakiwa kuwala, ila mume alimnunulia nguo mpya kwa shukrani.

Maharage hayo yasichukuliwe kama kitu kidogo. Ndizi hushibisha lakini ina protini kidogo sana. Mtoto aliyekua vizuri kwenye kibanja mara nyingi alikuzwa na kile ambacho mama alikipanda pembeni ya ndizi. Ndiyo maana udumavu wa watoto unaweza kukutwa Kagera, mkoa usiokosa chakula: tumbo limejaa, lakini sahani ina kitu kimoja.

Miaka ya majaribu

Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la kaskazini ya mto Kagera, na hofu ikatanda hadi Bukoba. Akina mama wa 1935 walikuwa wamevuka miaka 40, na baadhi yao walikuwa na watoto wa kiume wa umri wa kwenda jeshini.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligunduliwa katika mkoa huu. Wakati huo hakukuwa na dawa. Waliokufa walikuwa vijana na watu wazima wenye nguvu, wale wale waliotarajiwa kuwatunza wazazi wao. Mama aliyefikiri amemaliza kulea, akiwa na miaka 50 au 60, alianza upya: wajukuu watatu, wanne, pengine zaidi, wakilala kwenye nyumba ile ile, na makaburi ya wazazi wao yakiwa hatua chache kutoka mlangoni. Kama wapo wasomaji wa ukurasa huu waliolelewa na bibi Kagera, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Njiani kuelekea Muleba kuna Kemondo, bandari ambayo MV Bukoba ilipitia ikitoka Bukoba kwenda Mwanza. Tarehe 21 Mei 1996 meli hiyo ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uligunduliwa wilayani Muleba, ukilazimisha watu kung'oa migomba iliyopandwa na babu zao na kujifunza kuchoma panga kwenye moto kabla ya kuhamia shina jingine. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi likabomoa nyumba za Bukoba na vijiji jirani. Kila mara kulikuwa na mama aliyerudi kibanjani kesho yake, kwa sababu watoto walihitaji kula.

Jina lisilokuwapo

Kuna mahali pamoja ambapo jina la mama huyu kwa kawaida halikuandikwa, napo ni kwenye ardhi. Kwa mila, kibanja cha ukoo humwendea mwanamume. Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilisema mjane harithi ikiwa ukoo wa mumewe una watu; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Lakini Ukimwi ulipowachukua watoto, wa kumtunza alikuwa nani?

Jibu la kwanza kubwa lilitoka Muleba. Mwaka 1988 Holaria Pastory, aliyeachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia, aliliuza kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alifungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akidai kuwa kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama hiyo ilikubaliana naye, lakini Mahakama ya Wilaya ikatengua. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kuwa ubaguzi huo unapingana na Katiba na kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikabatilisha mila zinazomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi.

Sheria ipo. Hata hivyo, haiingii yenyewe kwenye kikao cha ukoo baada ya msiba, wakati mjane amekaa chini kwenye nyasi na wanaume wanapanga mipaka. Pale kinachosaidia ni karatasi iliyoandikwa mapema: wosia uliosainiwa mbele ya mashahidi, au hati ya hakimiliki ya kimila kutoka kijijini, ambayo inaweza kubeba majina ya mume na mke pamoja.

Desemba mabasi ya kwenda Bukoba hujaa watu wanaorudi nyumbani kwa Krismasi. Wengi hubeba mchele, sukari na kitenge cha bibi, na hivyo ni vizuri. Mzazi anayekwenda safari hii aongeze mambo mawili. Ampeleke bibi kupimwa shinikizo la damu, sukari na macho, kwa sababu wazee wengi husubiri hadi waugue. Kisha, babu na bibi wakiwa hai na wana akili timamu, aulize kwa heshima, watoto wote wakisikia: kibanja hiki kimeandikwa jina la nani?