Dada wa Ifakara na Magunia 22 Yaliyotaka Kuyeyuka Kimyakimya

Wadau, mastaa wa Dar leo wapumzike kidogo. Stori iko Ifakara, na mhusika ni dada mmoja wa miaka 23, mpole, kucha zimepakwa rangi vizuri, anayeshika daftari la ghala kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya mjomba wake. Jina lake kapuni.

Kwa wasioyajua maisha ya bonde la Kilombero: mkulima akivuna hauzi mpunga wote siku hiyo hiyo. Anauacha ghalani, anasubiri bei ipande. Hayo magunia ndiyo benki yake, ndiyo ada, ndiyo bati za nyumba. Na ushahidi wote uko kwenye mstari mmoja wa daftari: jina, idadi, tarehe.

Sasa daftari lenyewe! Mtu akifuata mzigo wake, dada anapekua ukurasa kwa ukurasa huku foleni inanuna. Ndipo akaamua kujifunza kuandika programu, usiku, kwa bando la kuungaunga na laptop ya mtumba. Akachagua SQLite, mashine ya kuhifadhi data ambayo Mmarekani D. Richard Hipp aliitoa mwaka 2000. Usiione ngeni. Imo ndani ya simu yako ya Android, na meseji zako za WhatsApp zinalala humo.

Hakuna vitufe vya kubofya pale. Ni lugha ya C na amri kavu: fungua faili, andaa swali, jaza nafasi zilizo wazi, piga hatua upate mstari mmoja, piga nyingine, maliza swali, funga. Ukisahau kumaliza swali, faili linagoma kufungwa. Wiki tatu dada analala saa nane usiku. Mchumba naye akaanza kununa, akidhani kuna mtu anachatiwa.

Kisha ikaja indeksi. Ni orodha ya pembeni iliyopangwa vizuri, inayosema mstari fulani uko wapi, ili programu isipitie yote. SQLite unaweza hata kuiuliza itatafutaje. Kabla ya indeksi ilimjibu SCAN, yaani napitia mstari kwa mstari. Baada yake ikajibu SEARCH. Dada akarukaruka kwa furaha peke yake chumbani.

Ila ukweli usemwe: kwa mistari elfu chache kompyuta haichoki, indeksi iwepo isiwepo. Shughuli yenyewe ilikuja upande mwingine kabisa.

Dada alikuwa ameweka indeksi ya kipekee kwenye jina. Jina moja, mtu mmoja, basi. Alipoanza kuingiza rekodi za daftari, programu ikagoma. Kuna mama wa Kibaoni ana magunia 22. Kuna mama wa Lupiro, ng'ambo ya daraja, ana magunia 9. Majina yote matatu yanafanana, mpaka la babu. Akamuuliza jamaa mmoja wa Dar anayejua mambo hayo. Jibu likaja kwa sauti: "Dada, usijisumbue. Tia REPLACE hapo, itapita tu."

Na ikapita kweli. Kilichookoa jahazi ni kwamba alijaribu kwanza kwenye nakala. REPLACE inaufuta mstari wa zamani unaogongana na mpya, bila onyo. Magunia 22 yakayeyuka, yakabaki 9. Hakuna mwizi, hakuna kelele. Na daftari lilikuwa linakaribia kustaafishwa! Mama wa Kibaoni angekuja kuchukua mpunga wa ada ya binti yake chuoni, akaambiwa hayumo.

Mjomba akasema, "Mpwa wangu, turudi tu kwenye daftari letu."

Lakini jibu lilikuwepo hapo hapo nyumbani. Tangu mwaka 1996, watafiti wa afya wa Ifakara walianza kupita nyumba kwa nyumba Kilombero na Ulanga, kila baada ya miezi minne, kuandika nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Wangetegemea majina wangepotea mapema sana. Kila mtu akapewa namba yake ya kudumu. Uolewe, ubadili jina, namba ni ile ile.

Dada akafanya hivyo hivyo. Kila mwenye mzigo akapewa kadi yenye namba. Indeksi ya kipekee ikahamia kwenye namba. Jina likapewa indeksi ya kawaida, inayoruhusu kufanana. Leo ukiandika jina lile wanatokea akina mama wote wawili, kila mmoja na kijiji chake na magunia yake.

Mama wa Lupiro alipofuata kadi, dada akamsimulia.

"Marahaba mwanangu. Kumbe nina somo wangu Kibaoni? Mpe salamu zangu."

Indeksi watu wanaisifia kwa spidi. Kwa dada huyu ilikuwa ni kuamua nani ni nani, na ukikosea hapo, spidi inakusaidia tu kumpoteza mtu haraka zaidi.

Haya wadau, fundi akikwambia "itapita tu" na mali si yako, wewe ungepitisha? Shusha komenti hapo chini.