Salmoni Hayupo Feri: Hatua Bila Sababu Hazifiki Mbali

Ndugu mtahiniwa, mtihani wa Novemba una maswali ya aina mbili. Yapo yanayokuuliza nini, na yapo yanayokuuliza kwa nini. Aina ya kwanza unaweza kuijibu kwa kukariri. Aina ya pili ndiyo inayotenganisha madaraja, na ndiyo inayowaangusha wengi waliosoma usiku na mchana. Nitalieleza jambo hili kwa kutumia chakula tunachopika nyumbani kwetu Kariakoo, yaani vipande vya samaki vilivyokaangwa hadi vikakauka nje, kisha vikapakwa rojo tamu la kung'aa.

Chakula hicho kwa asili yake hupikwa kwa samaki aitwaye salmoni. Salmoni ni samaki wa maji ya baridi. Huanguliwa mtoni, huenda kukulia baharini, kisha hurudi mtoni kutaga mayai. Katika bahari yetu ya joto hayupo. Wengi wanaouzwa duniani leo hufugwa, hasa katika nchi kama Norway na Chile. Kwa hiyo salmoni anayefika Dar es Salaam amesafiri kutoka mbali, na bei yake imebeba gharama ya safari hiyo yote.

Mpwa wangu, ambaye naye alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, aliyaona mapishi hayo kwenye simu na kuyanakili vizuri katika daftari: salmoni nusu kilo, kornifulawa, asali, soya sosi, swaumu. Jumamosi moja alikwenda dukani kuuliza bei. Aliporudi aliliweka daftari mezani akasema, "Mjomba, haiwezekani. Salmoni ni ghali mno."

Neno hilo "haiwezekani" nalifahamu vizuri. Nalisikia darasani kila mwaka. Mwanafunzi amefanya mitihani iliyopita kumi, anayajua majibu yake yote, kisha anakutana na swali lilelile limebadilishwa nguo. Badala ya maji limeweka mafuta, badala ya chuma limeweka shaba. Anaweka kalamu chini. Alichokuwa nacho ni hatua. Sababu za hatua hizo hakuwahi kuziuliza, kwa hiyo kitu kimoja kikikosekana, vyote vimekosekana.

Nilimwambia mpwa wangu achukue daftari lake, na mbele ya kila hatua aandike neno moja: kwa nini? Tukaanza na samaki.

Kwa nini salmoni? Si kwa sababu ya jina lake. Mapishi haya yanahitaji samaki mwenye nyama imara isiyovunjika ovyo kwenye mafuta, na mwenye miiba michache inayoonekana, kwa kuwa vipande ni vidogo na mlaji hataki kutafuta miiba ndani ya rojo. Ukishaijua sababu hiyo, Bahari ya Hindi inakupa jibu. Nguru ana nyama imara na miiba mikubwa inayotoka kwa urahisi. Kolekole naye anafaa. Sangara wa Ziwa Victoria, anayeuzwa minofu mitupu, anafaa pia. Changu ni mtamu, lakini miiba yake itakusumbua, heri umkaange mzima.

Tukaenda Feri mapema asubuhi, samaki wakiwa bado wabichi kutoka mashuani. Hapo pia kuna kwa nini. Macho ya samaki yawe maangavu, mashavu mekundu, na nyama ikibonyezwa kwa kidole irudi mahali pake. Samaki kama nguru, jodari na vibua wakikaa kwenye joto, bakteria hugeuza sehemu ya protini yao kuwa histamini. Histamini hiyo huweza kumletea mlaji vipele, kichwa kuuma na kutapika, na moto wa jiko hauiondoi. Ndiyo maana tulinunua na barafu. Kutoka Feri hadi Kariakoo si mbali, lakini jua la Dar es Salaam na foleni yake hazimsubiri mtu.

Tulimkata nguru wetu, nusu kilo bila ngozi wala mwiba, vipande vya mraba vya kama sentimita tatu. Kwa nini vidogo? Kidato cha tatu ulijifunza kwamba ukikivunja kitu vipande vidogo, eneo la juu huongezeka na mmenyuko huenda haraka. Jikoni ni vilevile. Vipande vidogo vina sehemu kubwa zaidi ya kukauka na kupata rangi, na katikati huiva kabla nje hakujaungua.

Tukavikamulia limau na kunyunyiza chumvi, dakika kumi tu. Shombo la samaki hutokana kwa sehemu kubwa na kemikali za jamii ya amini, ambazo ni besi. Limau ni asidi. Asidi na besi zikikutana hutengeneza chumvi, na chumvi hiyo hairuki hewani kufika puani. Bibi zetu wa pwani walitumia limau na ukwaju kwa samaki bila kuandika mlinganyo wowote, lakini mlinganyo ulikuwapo. Usiache limau saa nzima, maana asidi hukaza protini ya nyama na kuifanya itoe maji.

Hatua iliyofuata katika daftari ilisema: futa vipande vikauke kabisa. Mpwa wangu aliona ni kupoteza muda, kwa kuwa vinakwenda kukaangwa hata hivyo. Sikubishana naye. Nilimwambia tufanye jaribio kama lile la mtihani wa vitendo. Vipande vinne tuvifute kwa kitambaa safi, vinne tuviache na maji yake. Unga uleule, mafuta yaleyale, muda uleule. Kitu kimoja tu kitofautiane.

Vile vikavu viliingia kwenye karai vikatoa mapovu kwa utaratibu, na baada ya dakika tatu vilikuwa na ganda la rangi ya dhahabu. Vile vya maji vilirusha mafuta hadi tukarudi nyuma, unga ukabanduka na kuelea, na muda ulipokwisha vilikuwa vyeupe na laini.

Sababu yake iko katika daftari lako la Fizikia. Kupasha gramu moja ya maji kutoka nyuzi 30 hadi 100 za Selsiasi kunahitaji jouli 4.2 mara 70, yaani jouli 294. Kuigeuza gramu hiyohiyo ya maji yanayochemka iwe mvuke kunahitaji jouli zipatazo 2,260, karibu mara nane zaidi. Kwa hiyo samaki mwenye maji juu yake anakula joto lote la mafuta kwa kazi ya kukausha maji. Na maadamu maji yapo, sehemu hiyo haiwezi kupanda sana zaidi ya nyuzi 100, wakati rangi ya dhahabu inahitaji joto kubwa kuliko hilo. Rangi hiyo na harufu yake hutokana na mmenyuko kati ya protini na sukari, ulioelezwa na mwanakemia Mfaransa Louis Camille Maillard mwaka 1912.

Mpwa wangu akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mjomba, ndiyo maana mvuke unaunguza kuliko maji ya moto?" Ndiyo. Mvuke ukigusa ngozi hugeuka kuwa maji na kuirudisha nishati ile yote kwenye ngozi yako. Swali hilo huulizwa mara nyingi katika mitihani, naye alikuwa amelikariri jibu lake tangu kidato cha tatu. Siku hiyo ndipo alipolielewa, mbele ya karai.

Tuendelee. Kwa nini kornifulawa na si unga wa ngano peke yake? Kornifulawa ni wanga mtupu. Unga wa ngano una protini zinazotengeneza gluteni, ule mnato unaotufaa katika chapati na maandazi. Katika ganda la samaki mnato huo huleta ugumu wa kutafuna badala ya kukatika. Kama kornifulawa haipo, tafuta unga mwingine wenye wanga mwingi usio na gluteni. Unga wa muhogo unatimiza sharti hilo, na Kariakoo haujawahi kukosekana.

Mafuta yawe na joto la kama nyuzi 180. Kipimajoto hatuna, lakini chomeka mpini mkavu wa mwiko wa mbao. Ukiona mapovu madogo yanauzunguka mara moja, mafuta yako tayari. Weka vipande vichache kwa awamu, kwa sababu samaki wa baridi akijaa karaini huyashusha mafuta joto, na mafuta yasiyo na joto la kutosha hunyonywa badala ya kukaanga. Ukitoa, weka kwenye chujio, si kwenye sahani iliyofunikwa. Mvuke uliofungiwa hurudi kuwa maji na kulainisha ulichokikausha kwa taabu.

Mafuta yakishika moto, zima jiko na ufunike karai kwa mfuniko. Usimwagie maji kamwe. Maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo huzama chini yake, hugeuka mvuke kwa ghafla, hutanuka mara nyingi sana na kuyarusha mafuta yanayowaka kote jikoni. Huu ni mfano wa kwa nini ambayo usipoijua, hasara yake si alama bali ngozi ya mtu.

Sasa rojo. Daftari lilisema asali ipakwe mwishoni, baada ya kukaanga. Kwa nini isichanganywe na samaki mapema, ikolee vizuri? Kwa sababu sukari ya asali huanza kuungua katika joto dogo kuliko lile la mafuta yetu. Ungepata vipande vyeusi vichungu vyenye nyama mbichi ndani. Tulichemsha vijiko vitatu vya asali, viwili vya soya sosi, viwili vya ukwaju mzito, punje tatu za swaumu iliyopondwa, tangawizi na pilipili kidogo, hadi rojo likashika mgongo wa kijiko. Ukwaju haukuwa kwenye daftari. Tuliuongeza kwa sababu asali inahitaji kitu kichachu cha kuipunguzia utamu. Tukaepua, tukageuza vipande ndani ya rojo mara moja, tukala papo hapo. Ukichelewa, maji ya rojo huingia kwenye ganda, na ukavu wote unapotea.

Tofauti moja ilibaki. Salmoni ana mafuta mengi mwilini, hivyo hata akizidi kuiva kidogo hubaki laini. Nguru hana mafuta kiasi hicho, akizidi kuiva hukauka kama gome. Kwa hiyo muda wa kukaanga tuliupunguza. Kubadilisha kitu si kuchomoa kimoja na kupachika kingine tu. Lazima uulize hicho kipya kinadai nini.

Wiki chache baadaye mpwa wangu alipika tena, mimi nikiwa kazini. Hakukuwa na nguru wala kornifulawa. Alitumia minofu ya sangara na unga wa muhogo. Kwa kuwa sangara huyo alitoka kwenye barafu na alikuwa na maji mengi, alimfuta mara mbili. Hakuna aliyemwambia afute mara mbili, wala daftari halikusema hivyo. Jibu hilo alilitoa kichwani mwake, kwa swali ambalo hakuwahi kuulizwa kabla. Hicho ndicho mtahini anachokitafuta anapoandika "toa sababu".

Sisemi kukariri hakuna maana. Fomula, vizio, tarehe na istilahi lazima uzijue kwa moyo, kama vile lazima uwe na samaki na mafuta nyumbani kabla ya kuwasha jiko. Lakini vitu vilivyojaa kikapuni bado si chakula.

Hivyo, katika wiki zilizobaki, fanya hivi. Chukua mada moja kwa siku. Andika hatua au hoja zake upande wa kushoto wa ukurasa. Upande wa kulia, mbele ya kila hoja, anza sentensi kwa "kwa sababu", uimalize bila kutazama kitabu. Ukishindwa kuimaliza, weka alama hapo. Kisha badilisha kitu kimoja katika swali, namba, dutu au mazingira, ujiulize jibu litabadilika wapi na litabaki vilevile wapi. Zile alama ulizoweka ndizo ratiba yako ya marudio. Anza nazo kesho asubuhi, kabla ya kufungua mtihani mwingine uliopita.