Simu Yako Sio Hakimu wa Chesi

Nitasema tu wazi: alama nyekundu za injini zinatuharibia chesi.

Huku Theta, kati ya Ruiru na Thika, tunacheza sana kwa simu. Mechi ikiisha, mtu anabonyeza uchambuzi, alama za kuuliza zinamwagika, kesi imefungwa. Nani atabishana na mashine?

Mashine nyingine, hiyo ndiyo itabishana. Kuna mashindano yanaitwa TCEC, yalianza 2010, na hakuna binadamu anayesogeza kete. Stockfish inakutana na Leela, na wengine kama hao. Hakuna anayechoka. Hakuna anayekasirika. Hakuna anayeharakisha juu matatu inaondoka. Na bado kuna mechi mmoja anachapwa. Kama amechapwa, kuna mahali alikosea. Lakini wapi?

Hapo ndio utamu. Kila injini inaonyesha namba yake mechi ikiendelea. Sufuri ni sawa kwa sawa. Moja ni kama kuzidi kwa kete moja ndogo ya mbele. Unaweza kupata injini moja imetulia kwa sufuri, na nyingine tayari inanusa ushindi. Hatua kadhaa baadaye ile iliyotulia inashtuka na namba yake inaporomoka. Ukiangalia pale tu ilipoporomoka, utasema kosa liko hapo. Wapi! Kosa lilishafanyika, pale injini imepata habari tu. Ukifika steji ugundue huna nauli, haimaanishi pesa zilipotelea steji.

Kwa hivyo wanaochambua mechi hizi hurudi nyuma, hadi pale namba mbili zilianza kuachana. Pia wana bahati moja: TCEC hupangia injini hatua za kwanza, halafu mpangilio huo unachezwa mara mbili, pande zikibadilishwa. Mmoja akishinda na nyeupe na mwenzake akishindwa kufanya hivyo na nyeupe ileile, unalinganisha. Na zikibaki kete 7 au chini ya hapo, mafalme wakiwemo, kuna hifadhi iliyokamilika 2018 yenye jibu kamili. Zikizidi hapo, namba ya injini ni makadirio. Mazuri sana, lakini makadirio.

Mwaka 2017, AlphaZero ya DeepMind ilicheza mechi 100 na Stockfish 8. Ilishinda 28, ikatoa sare 72, haikupoteza hata moja. Watu walilalamika kuhusu masharti ya mechi, na walikuwa na hoja. Lakini cheki mechi zilizotolewa: kuna mahali AlphaZero inatoa kete zake bure, na Stockfish, ikiwa na kete nyingi, inabanwa polepole hadi haina pa kwenda. Stockfish ya baadaye ingeona kosa mahali ile ya wakati huo iliona poa. Alama nyekundu pia huzeeka.

Sasa rudi kwa simu yako. Binamu yangu, yuko gredi ya 8, alitaka kuacha kucheza juu aliambiwa ana makosa makubwa 6 kwa mechi moja. Tukaipitia pamoja. Moja ya yale 6, alikuwa anaweza kumaliza mfalme kwa hatua 9, lakini akabadilishana malkia akabaki na ngome ya ziada, akashinda bila presha. Hilo ni kosa kwa injini. Kwa mtoto wa gredi ya 8 ni akili. Nyingine, alipoteza farasi hatua ya 23. Nyekundu ilikuwa hapo. Lakini shida ilianza hatua ya 17, alipompeleka farasi pembeni penye njia moja tu ya kutoka. Hapo injini ilinyamaza, kwa sababu yenyewe ingemtoa salama. Haikuwa inapima mchezo wa binamu yangu. Ilikuwa inapima mchezo wake yenyewe.

Injini inatushinda sote, hilo sibishi. Ninachobisha ni mtu kuitwa mjinga na rangi ambayo hajaisoma. Leo ukimaliza mechi, usibonyeze uchambuzi kwanza. Tafuta mwenyewe hatua unayodhani ilikuponza, andika kwa nini, ndio ubonyeze. Mkitofautiana, uliza nani kati yenu alikuwa anacheza hiyo mechi.