Kurasa Nilizosaini

Kitabu cha mafunzo cha mhandisi mhitimu kina nafasi ya saini ya mlezi wake. Mlezi akisaini, maana yake anathibitisha kwamba kazi iliyoandikwa pale imefanyika na yeye anaijua. Mimi ni mhandisi mtaalamu niliyesajiliwa, muhuri ninao, na nilisaini kurasa nyingi za kijana mmoja wakati kazi zenyewe sikuziona. Nyingine nilizisaini kwa mkupuo juu ya boneti ya gari, injini ikinguruma, nimechelewa kikao.

Kwa asiye wa fani hii nieleze kidogo. Hapa Tanzania shahada ya chuo kikuu pekee haikupi ruhusa ya kufanya kazi kama mhandisi mtaalamu. Kwa Sheria ya mwaka 1997, mpaka uwe umesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na Bodi inataka kwanza ufanye kazi chini ya mhandisi aliyekwisha kusajiliwa. Tangu mwaka 2003 kuna mpango maalumu wa kuwapitisha wahitimu katika mafunzo hayo, kwa kawaida miaka 3. Mhitimu anajaza kitabu, anaandika taarifa za kitaalamu, kisha anaitwa kwenye usaili. Tatizo linalojulikana na kila mtu ni kwamba wahitimu ni wengi na mahali pa kujifunzia ni pachache, kwa hiyo walezi tunatafutwa kama mabinti wenye posa.

Kijana huyu ni mtoto wa rafiki yangu tuliyesoma naye. Alinipigia simu akasema, "Ndugu yangu, mwanao anahangaika, kampuni aliyopo haina mhandisi wa kumlea." Nikajibu aje, kwani kuna shida gani. Nilijisikia mkubwa, nakiri. Saiti yake ilikuwa nje kabisa ya mji na kazi zangu zote ziko katikati ya jiji. Tulikubaliana nitakuwa namfuata huko mara kwa mara. Mwanzoni nilikwenda. Baadaye ikawa yeye ndiye anayekuja na kitabu, "Shikamoo Injinia," na mimi namwambia lete hapa.

Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana. Amesimamia ufungaji wa nondo, amekagua ringi na biskuti za kushikilia nondo, amesimamia umwagaji wa zege la slabu, amepima slampu, yaani kipimo cha ulaini wa zege bichi. Na hapo kwenye slampu ndipo palipo na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kila siku aliyopima, aliandika milimita 75. Siku ya jua 75, siku ya mvua 75. Aliyewahi kusimama saiti anajua zege halina adabu ya namna hiyo: mchanga ukilowa linalegea, gari likikwama foleni linakaza. Niliiona ile namba ikijirudia. Nikaelewa inavyowezekana. Nikasaini, kwa sababu kumuuliza kungenilazimu kwenda.

Siwezi hata kujitetea kwamba sikujua malezi ni nini. Mzee aliyenilea mimi alinisimamisha juani na ile koni ya kupimia slampu, ya milimita 300, nishindilie tabaka 3, kila moja mapigo 25, akinihesabia kwa sauti. Siku moja gari la zege lilifika limechelewa na fundi akataka kumwagia maji ili zege lipite vizuri kwenye pampu. Mzee akanigeukia: "Injinia, tunafanyaje?" Nilikuwa sina hata usajili. Nikasema gari lirudi. Msimamizi wa mkandarasi alinitukana mbele ya vibarua, na mzee akakaa kimya makusudi mpaka nikamaliza kueleza mwenyewe kwamba maji yale yangeshusha nguvu ya zege, na vipande vya zege tutakavyovunja maabara siku ya 28 vingetuumbua. Siku nzima ya mzee ilipotea kwa ajili ya gari moja. Ndiyo gharama yenyewe, na niliijua.

Isitoshe, mimi ni mhubiri wa saini. Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, jengo la ghorofa 16 lilipoanguka mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar es Salaam na kuua watu 36, nilizungumza sana. Mpaka leo nikikaa na wahandisi wenzangu hulitaja jengo lile na kuwaambia wasiweke jina lao kwenye kitu wasichokiona.

Kwenye usaili kijana aliulizwa swali jepesi: slampu imetoka 150 wakati mchoro unataka 75, unafanya nini? Alieleza koni, tabaka na mapigo bila kukosea. Cha kufanya hakukijua. Wakamwuliza kama mlezi wake hakuwahi kumfundisha. Akajibu kwamba alifundishwa, ila amesahau. Akaambiwa aongeze muda wa mafunzo.

Haya nilisimuliwa na baba yake, aliyenipigia simu kuniomba radhi. Kuniomba radhi mimi! "Mwanao ametuaibisha," akasema, "umemfundisha yote halafu anasahau." Nami badala ya kusema kweli nikamjibu, "Usijali, ndiyo ujana." Kati ya yote niliyofanya, sentensi hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Kijana alitafuta mlezi mwingine, mama mmoja mhandisi anayesifika kwa ukali. Aliniletea barua ya kubadilisha mlezi. Kwenye sababu ameandika "umbali wa saiti". Nikaisaini nayo, naye akanishukuru.

Rafiki yangu, kama unasoma hapa, mwanao hakusahau kitu. Hakufundishwa.