Zawadi Niliyompelekea Mama Mkwe

Simu ya saa nane usiku mara nyingi haileti heri. Ilikuwa mwezi wa saba, na aliyepiga ni wifi yangu kutoka Lushoto. "Wifi, mama anatetemeka, anaongea maneno hayaeleweki."

Mume wangu akanipokonya simu. "Mfunike, hiyo ni baridi." Na kweli, baridi ya Lushoto mwezi wa saba si mchezo. Lakini wifi akajibu neno lililotutoa usingizi wote wawili: "Kaka, shuka limelowa jasho."

Mpenzi msomaji, baridi haimtoi mtu jasho.

Mama ana kisukari, huu mwaka wa tisa. Anatumia metfomini na glibenklamaidi, na nyumbani kuna kipimo tulichomnunulia. Usiku ule kilisoma 2.3. Kwa mgonjwa anayetumia dawa, sukari ikishuka chini ya 4 tayari ni hatari. Wifi akakoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, akamnywesha taratibu maana bado alikuwa anameza. Wakangoja robo saa, wakapima tena, wakakodi gari kwenda hospitali.

Alfajiri tukapanda basi. Hadi tunafika Mombo mume wangu alikuwa anamlaumu dada yake kwamba hamlishi mama vizuri. Mimi nilikaa kimya, na nilikuwa na sababu. Wiki tatu nyuma nilimtumia mama kifurushi kimyakimya: vidonge vya karela na unga wa mlonge. Nilivinunua Dar kwa kaka mmoja mwenye maneno matamu. "Dada, hii ni asili tupu, haina madhara." Nina digrii ya mawasiliano, na kazi yangu kila siku ni kuhariri maneno ya watu. Hayo yake niliyapitisha bila swali hata moja! Nilitaka sifa za mkwe mwema, basi.

Tulimkuta mama wodini, amekaa, anatabasamu kwa aibu. Daktari kijana alikuwa anamuuliza, "Mama, kuna kitu kingine unachotumia zaidi ya dawa zetu?"

Mama akanitazama. Kisha akasema, "Hakuna, mwanangu."

Alikuwa ananisitiri. Yaani mtu aliyeponea chupuchupu usiku ule alikuwa tayari kudanganya ili mimi nisiaibike mbele ya mwanawe. Nilihisi koo limekauka. "Daktari," nikasema, "kuna vitu mimi nilimletea."

Mume wangu aligeuka taratibu. We acha tu.

Daktari hakufoka. Alituambia glibenklamaidi hulilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hujala. Karela nayo inaweza kuteremsha sukari, na mlonge hivyohivyo. Na jioni ile mama alikuwa amekula kidogo tu. Ni sawa na gari linaloteremka kona za Soni kwenda Mombo, dereva kakanyaga mafuta, na nyuma watu wanalisukuma. Tena dawa ile hukaa mwilini kwa saa nyingi, ndiyo maana walimlaza hata baada ya sukari kupanda; ingeweza kushuka tena.

Akaongeza kwamba neno "asili" kwenye chupa halikuhakikishii kilichomo ndani. Mwaka 2008 huko Singapore, watu wapatao 150 walilazwa baada ya sukari kushuka vibaya. Wengi walikuwa wamemeza dawa za kuongeza nguvu za kiume, nyingine zikiuzwa kama mitishamba. Kumbe zilichanganywa na glibenklamaidi kisiri! Wanne walifariki. Akina kaka, mnanisikia?

Mama akauliza kwa unyonge, "Kwa hiyo miti yetu ni mibaya?" Hapana. Hiyo metfomini anayomeza imetokana na utafiti wa mmea wa Ulaya uitwao Galega, na ilianza kutumika kutibu kisukari Ufaransa mwaka 1957. Tofauti ni kwamba kidonge kimepimwa, kipimo chake kinajulikana, na daktari anajua umekimeza. Cha kwangu hakuna aliyejua.

Ndipo mama akatueleza kwamba miaka ya nyuma, kwenye zahanati moja, alitaja mizizi aliyopewa na jirani, akafokewa mbele ya wagonjwa wenzake. Tangu siku hiyo akajifunza kujibu "hakuna".

Jioni, nje ya wodi, mume wangu alisema, "Ungeniambia." Nikamuuliza, "Na wewe lini ulimuuliza mama anameza nini?" Tulinyamaza wote. Kisha akanivisha koti lake.

Siku hizi mama ana mfuko wa kitambaa. Kila anachomeza, kiwe kidonge, unga au mzizi wa jirani, kinaingia humo na kwenda naye kliniki. Haongezi wala haachi kitu bila kumwambia daktari. Sukari na kipimo viko karibu na kitanda, na wifi anajua kwamba mgonjwa akipoteza fahamu hanyweshwi kitu, anakimbizwa hospitali.

Ukimpigia mzazi au mkwe wako wikiendi hii, baada ya salamu muulize anatumia nini. Muulize kwa upole. Akikutajia hata kile ulichompelekea wewe, usimkatize.