Herufi Saba

Ukishuka kutoka Sanawari kwenda mjini, halafu ukakata kuelekea Ngarenaro, soma kuta. KiNYOZi. MAZiWA MTiNDi. TUNACHAJi SiMU. Herufi zote kubwa, kasoro i, ambayo imebaki ndogo na nukta yake kichwani, mara nyingine nukta yenyewe kubwa kama embe. Mwalimu wa darasa la kwanza angezunguka na kalamu nyekundu. Mimi ndiyo kazi yangu ya wikiendi, na ndiyo inayonilipia nauli na fotokopi wakati huu ninaposoma shahada ya uzamili.

Nilijifunza kwa fundi mmoja karibu na Soko la Kilombero, miezi ile ya kusubiri matokeo ya kidato cha sita. Kanuni zake zilikuwa chache. Piga mstari mmoja tu wa chaki, wa chini. Ukipiga na wa juu, herufi zitajipanga kama askari wa gwaride. Herufi inayojirudia isifanane na mwenzake: jina likiwa na a mbili, moja iwe kubwa, nyingine ndogo, na mojawapo ilale kidogo. "Anayetaka zifanane aende akaprinti," alikuwa akisema, na kwa kweli wengi wamekwenda. Bango la plastiki linatoka kwenye mashine wakati mimi bado nakoroga rangi. Tuliobakiwa na brashi tumebakiwa na majina: kwenye madgadi za bodaboda, kwenye matranka ya wanafunzi wa bweni shule zinapofunguliwa Januari, na kwenye ndoo.

Ndoo ina taabu yake. Plastiki haishiki rangi mpaka uikwaruze kwa msasa, na rangi ya mafuta ukiizimua sana kwa thina inachuruzika, jina linalia machozi. Hata ukifanya vizuri, baada ya mwaka litaanza kubanduka. (Sokoni rangi ina heshima nyingine: sado, kile kipimo cha maharage na viazi, lilikuwa kopo la rangi, na jina lake limetoka Sadolin.)

Ndoo niliyoihangaikia kuliko zote ni ya Bibi. Anaishi upande wa Nkoaranga, kwenye miteremko ya Meru, penye migomba na kahawa. Jumatano na Jumamosi hushuka kwenye gulio la Tengeru na parachichi. Ndoo za wanawake wote hupakiwa kwenye pikapu moja, nyingi za rangi moja, na wakati wa kushusha ni vurugu. Bibi hajui kusoma. Mwaka 1970, Nyerere alioutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, alikuwa na mtoto mgongoni. Alihudhuria kisomo jioni chache, kahawa ilipoiva akaacha. Basi akaniambia, "Mume wangu, niandikie jina ambalo hata mimi nitalijua."

Jina lenyewe sitaliweka hapa, maana hajaniruhusu, naye ni mtu wa kuombwa. Lina herufi saba. Ya kwanza ni S, nikaichora kama nyoka aliyemeza yai. Ya tatu ni f, nikaipinda kama upembo wa kuangulia parachichi. L nikaifanya kubwa, mguu wake ukapita chini ya herufi inayofuata. Na i zipo mbili: moja ina nukta ya njano, nyingine nyekundu.

Wiki ya pili alikuwa anaitambua ndoo yake ikiwa bado juu ya pikapu. Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba herufi zilizonyooka, zenye kimo kimoja, zinamfaa mtu ambaye tayari anajua kusoma. Asiyejua anahitaji pa kushika: nundu, ndoano, nukta.

Mwezi uliofuata nilimkuta jikoni anachora kwa kijiti kwenye majivu. Hakuanza na S. Alianza na f, kwa sababu upembo anaujua, akaenda kulia mpaka mwisho, kisha akarudi kujaza kushoto. Sikumuuliza ni ya nini. Nilikuja kujua ukoo ulipoitisha kikao.

Babu alikuwa ameshafariki, na kulikuwa na muhtasari wa kusainiwa, upelekwe kijijini kuombea hati ya hakimiliki ya kimila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Lakini sheria haiketi kwenye benchi chini ya migomba pamoja na wazee. Bibi alikuwa na hofu moja, ya dole gumba. "Dole hata maiti anabonyezwa," aliniambia usiku ule.

Katibu alipofungua kidau cha wino, Bibi akaomba kalamu. Alichukua muda mrefu. Wazee walikohoa, mmoja akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Alipomaliza, katibu akaligeuza karatasi huku na huku.

"Bibi, herufi zimechanganyika. Hii kubwa, hii ndogo. Andika kawaida, au weka dole."

Mjukuu haongei kikaoni mpaka aulizwe, nikabaki nimeuma meno.

"Ndivyo jina langu lilivyo," akasema Bibi. "Nenda kaangalie kwenye ndoo."

Watu wakacheka. Baba mkubwa, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajaonyesha yuko upande gani, hakucheka. Alikwenda jikoni, akarudi na ndoo, akaiweka mezani kando ya karatasi. Wakainama yeye na katibu, kidole kikienda herufi kwa herufi: nyoka, upembo, mguu mrefu wa L. Zote zilikuwepo. Kalamu ilikuwa ya bluu peke yake, kwa hiyo nukta moja ameijaza wino mpaka karatasi imeloa, na ile nyingine ameiacha duara tupu.

Katibu akasogeza karatasi kwa anayefuata.